Damu ya Mtoto Ni ya Wawili

Swali la msomaji:

"Assalaam aleikum daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, mvulana na binti mdogo, naishi Kisauni, Mombasa. Kifunguamimba wangu ana miaka sita na kipimo kimeonyesha ana sikoseli, SS. Alizaliwa mzima, mnene, mpaka alipofika miezi saba vidole vya mikono na miguu vikafura, na tangu hapo hatuna raha. Mume wangu ni mtoto wa ami yangu. Mavyaa wangu asema wao ni watu wa Mji wa Kale, asili yao Arabuni, ugonjwa huu hawaujui; basi umetoka kwa mamangu, ambaye ni Mgiriama. Wengine wasema ni kijicho. Mume wangu hataki kupimwa. Kliniki wanataka kumwanzishia mtoto haidroksiyurea. Jirani yangu asema hiyo ni dawa ya saratani, itamkausha damu na hatazaa, na tena wale wanaomtoa damu kila mara wanafanya utafiti wao, damu yenyewe haijulikani yaenda wapi. Mjomba wangu asema tuchange, tumpeleke India akabadilishwe uboho. Nina mimba ya miezi minne na usiku silali. Nifanye nini?"

Jibu:

Wa aleikum salaam, mwanangu. Umeuliza mambo mengi kwa pamoja, na yote yana majibu. Nitaanza na lawama, ingawa mjomba wako angependa nianze na India. Katika kutibu watoto wa selimundu, hiyo unayoiita sikoseli, hapa Mombasa nimeona wengi wakifikishwa kliniki wakiwa wamechelewa, si kwa kukosa nauli ya matatu peke yake, bali kwa sababu nyumbani bado wakubwa walikuwa wakibishana ni nani aliyeuleta ugonjwa. Lawama hiyo inamdhuru mtoto kama ugonjwa wenyewe unavyomdhuru.

Kila binadamu ana nakala mbili za jeni inayoelekeza mwili namna ya kutengeneza himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba hewa ndani ya damu. Nakala moja huipata kwa mama, ya pili kwa baba. Nakala ya kawaida tunaiita A, ya selimundu S. Mwenye A mbili hana jambo. Mwenye A na S ni mbebaji: anaishi maisha yake yote akivua, akicheza mpira, akizaa, bila kujua. Anayeugua ni yule aliyepata S kutoka pande zote mbili. Kwa hivyo kipimo cha mtoto kinaposema SS, kimesema pia habari za babake. Hata akikataa kutoa mkono wake kwa sindano, jibu lake tayari limo ndani ya mwanawe. Ulichangia nakala moja, naye akachangia moja. Hakuna aliyemzidi mwenzake.

Hesabu yake kwa wazazi wawili wabebaji ni hii: katika kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa, 2 kati ya 4 ya kupata mbebaji mzima, na 1 kati ya 4 ya kupata mtoto asiye na S kabisa. Hesabu huanza upya kila mimba. Kuwa na mtoto mmoja mgonjwa hakumaanishi kwamba watatu wanaofuata wamesalimika, wala hakumaanishi kwamba wote watakuwa hivyo. Mimba uliyonayo sasa ina uwezekano wa 3 kati ya 4 kwamba mtoto hatakuwa na ugonjwa huu. Shikilia hilo usiku usingizi unapokukimbia.

Sasa kuhusu Arabuni. Selimundu inajulikana sana Oman na Yemen, na mashariki mwa Saudia, katika maeneo ya Qatif na Al-Ahsa, ni miongoni mwa magonjwa ya kurithi yanayowashughulisha madaktari zaidi. Serikali ya Saudia, tangu 2004, imewalazimisha wachumba wote kupimwa damu kabla ya ndoa, na selimundu ni mojawapo ya magonjwa yanayotafutwa. India nako ugonjwa huu upo. Kwa hivyo asili ya Arabuni si kinga, na asili ya Kigiriama si hatia. Tena wewe na mume wako ni watoto wa ndugu wawili. Baba yako na baba yake walizaliwa na baba mmoja na mama mmoja, na huenda S ya kila mmoja wenu imeteremka kutoka kwa babu yule yule mnayemwombea rehema pamoja. Huenda pia ya kwako ilitoka upande wa mamako na ya mumeo ikatoka upande wa mavyaa. Bila kupima familia nzima hakuna awezaye kujua, na hata mkijua, dawa ya mtoto haibadiliki.

Kuoana watoto wa ami hakuumbi ugonjwa. Kunachofanya ni kuongeza uwezekano kwamba wote wawili wamebeba jeni moja iliyofichika katika ukoo. Sitakuambia mlikosea kuoana. Nitakuambia tu kwamba koo zinazopenda kuoana zina sababu kubwa zaidi ya kuwapima vijana wao kabla ya posa, na upimaji huo ufanywe kwa heshima ile ile tunayoulizia dini na tabia ya mchumba.

Jeni hii ilidumu pwani yetu kwa sababu. Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alizunguka nchini akipima damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wabebaji walikuwa wengi, mahali pengine zaidi ya watu 20 katika kila 100, na kwenye nyanda za juu zenye baridi walikuwa chini ya 1. Akajiuliza pwani na ziwani kuna nini ambacho mlimani hakuna, na jibu lilikuwa mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba wabebaji wa S wanakingwa dhidi ya malaria. Baadaye utafiti wa Kilifi, jirani zetu hapa, ulionyesha kwamba mtoto mwenye AS anapunguziwa hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 90. Maana yake, kabla ya neti na dawa, mbebaji ndiye aliyepona utotoni akaishi mpaka kuzaa. Mababu zako na mababu za mavyaa huenda walinusurika kwa S hiyo hiyo inayoonewa aibu leo.

Lakini usimsikilize atakayekuambia kwamba mtoto wa SS hapati malaria. Kinga ni ya mbebaji. Mwenye SS akipata malaria, damu yake ambayo tayari ni chache huporomoka kwa muda mfupi, na hicho ni chanzo kikubwa cha vifo. Alale ndani ya neti kila usiku, na dawa ya kuzuia malaria atakayopewa kliniki asikose kuimeza.

Hili la mama kubebeshwa mzigo halikuanza na wewe. Mwaka 2011 watafiti waliofanya kazi Kilifi, Vicki Marsh, Dorcas Kamuya na Sassy Molyneux, waliandika kuhusu familia za vijijini zenye watoto wa selimundu, na walichokikuta ni kwamba aibu na lawama huwaangukia akina mama zaidi kuliko akina baba, hadi ndoa zikatikisika. Nimekutajia ili ujue kwamba yanayokupata yameshaonwa, yameandikwa, na wapo wataalamu wanaoyahesabu kuwa sehemu ya ugonjwa unaopaswa kutibiwa.

Umeuliza kwa nini alizaliwa mzima. Hili ndilo linalowafanya watu waamini kijicho: mtoto mnene, anasifiwa na kila mgeni, kisha ghafla anafura vidole. Sababu yake ni namna damu inavyojengwa.

Kichanga tumboni hutengeneza damu yake kwa zamu. Mwanzo kabisa, katika wiki za kwanza, damu hutoka kwenye kifuko kidogo kilicho nje ya mwili wake. Kisha kazi huhamia kwenye ini. Mimba ikikaribia mwisho, uboho ulio ndani ya mifupa huchukua kazi hiyo na kuibeba mpaka mwisho wa uhai. Kila kituo kina namna yake ya kufanya kazi, na wakati wa ini himoglobini inayotengenezwa zaidi ni ya kichanga, tofauti na ya mtu mzima. Himoglobini ya kichanga haihusiani na jeni yenye S. Inatoka kwenye jeni nyingine kabisa. Kwa hivyo mtoto wa SS huzaliwa na damu ambayo kwa sehemu kubwa ni salama. Baada ya kuzaliwa, mwili huizima polepole ile jeni ya kichanga na kuiwasha ya utu uzima. Kufikia miezi sita hivi himoglobini nyingi imekuwa ya utu uzima, na kwa mwanao hiyo ni ya S. Janet Watson, daktari wa Marekani, aliligundua jambo hili mwaka 1948 alipoona kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaonyeshi dalili, akafikiri kwamba himoglobini ya kichanga ndiyo inayowalinda. Kwa hivyo miezi saba ya mwanao ilikuja kwa wakati wake. Hata asingesifiwa na mtu, ingefika.

Na kwa nini vidole? Kwa sababu katika umri ule mifupa midogo ya vidole bado ina uboho mwekundu unaotengeneza damu na unaohitaji hewa nyingi. Himoglobini ya S ikikosa hewa hushikamana na kuwa nyuzi ngumu, chembe nyekundu ikajikunja umbo la mundu, ikaziba vijishipa, na uboho ule wa vidoleni ukafa njaa ya hewa. Ndiyo yale maumivu aliyoyalilia. Mtoto akikua, uboho wa vidoleni hugeuka kuwa mafuta, na uvimbe ule haurudi. Maumivu huhamia kwenye mifupa mikubwa, mgongo, kifua.

Uboho wenyewe ni wa kustaajabisha. Ndani yake kuna seli shina chache ambazo zinaweza kujizidisha na kuzaa kila aina ya chembe ya damu: nyekundu zinazobeba hewa, sahani zinazogandisha kidonda, na nyeupe za kila namna zinazopigana na vijidudu. James Till na Ernest McCulloch wa Toronto ndio waliotoa ushahidi wa seli hizo mwaka 1961 walipokuwa wakichunguza panya. Kwa mtu mzima uboho hutoa chembe nyekundu takriban milioni 2 kila sekunde. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ile ya selimundu hufa ndani ya siku 10 hadi 20. Uboho wa mwanao, basi, unafanya kazi mara nyingi zaidi ya wa mwenzake wa darasani, na bado haufikii. Ndiyo sababu hupauka, huchoka mapema, na macho yake huwa manjano, maana chembe zikivunjika huacha rangi hiyo. Ndiyo sababu pia anapewa vidonge vya foliki kila siku: kiwanda kinachokesha kinahitaji malighafi.

Sasa soma hapa kwa makini kuliko mahali pengine popote. Kinachoua watoto wadogo wa selimundu mara nyingi zaidi si maumivu, ni maambukizi. Tunacho kiungo upande wa kushoto wa tumbo, bandama, ambacho huchuja damu kama kifumbu kinavyochuja tui, kikinasa vijidudu na kuvikabidhi kwa chembe nyeupe. Chembe za mundu hukwama humo, zikaiziba na kuiua vipande vipande, mara nyingi kabla mtoto hajatimiza miaka mitano. Chembe nyeupe bado anazo, tena ni nyingi kuliko kawaida, lakini pale zilipokuwa zikikutana na adui hapapo tena. Kwa hivyo bakteria wa nimonia, ambao kwa mtoto mwingine wangemtia kikohozi cha wiki moja, kwake wanaweza kuingia kwenye damu na kumwangusha kwa siku moja. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa 2009 uliwaona bakteria hao hao wakiongoza kwa watoto wa selimundu wa pwani yetu. Huko Marekani mwaka 1986 ilithibitishwa kwamba penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku inapunguza sana maambukizi hayo kwa watoto wadogo. Kenya ilianza kuwapa watoto wote chanjo ya nimonia mwaka 2011. Hakikisha kadi yake imekamilika, na uulize kama anahitaji chanjo za ziada na kama penisilini iendelee baada ya miaka mitano.

Nunua kipimajoto. Kikionyesha 38.5 au zaidi, usingoje asubuhi, usimpe panadoli ukasubiri uone, usipite kwanza kwa mwenye duka la dawa. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo na useme mlangoni, "Huyu ana sikoseli na ana homa." Vivyo hivyo akipauka ghafla na tumbo la kushoto likafura: bandama imemeza damu yake. Akishindwa kupumua, au kifua kikimuuma. Mdomo ukienda upande, au mkono ukalegea: hicho ni kiharusi, na watoto hupata; takwimu za Marekani za kabla ya kinga kuanza zilionyesha takriban watoto 11 katika 100 wamepata kiharusi kabla ya kufika miaka 20. Na kwa kuwa ni mvulana, atakapokua akikwambia uume umesimama kwa uchungu na haushuki, asione haya, wala wewe usione haya. Ni dharura pia.

Nimefika kwenye dawa. Jirani yako amesema kweli nusu. Haidroksiyurea ilitumika kwanza kwa baadhi ya saratani za damu na bado inatumika huko. Lakini madaktari waligundua kwamba inafanya jambo jingine: inauamsha uboho uanze tena kutengeneza himoglobini ya kichanga, ile iliyomlinda mwanao miezi yake ya mwanzo. Kadiri himoglobini hiyo inavyoongezeka, chembe hazijikunji sana. Pia hupunguza zile chembe nyeupe zilizozidi, ambazo kwa selimundu hunata kwenye kuta za mishipa na kuongeza kuziba. Haikaushi damu. Watoto wengi wanaoitumia, damu yao hupanda.

Kwa muda mrefu wataalamu walisita kuipeleka Afrika, wakihofia kwamba kupunguza chembe nyeupe mahali penye malaria na maambukizi kungewadhuru watoto. Basi likafanywa jaribio katika miji minne: Luanda, Kinshasa, Mbale nchini Uganda, na Kilifi yetu. Watoto 606 wa umri wa mwaka 1 hadi 10 walitibiwa. Matokeo yalichapishwa mwanzoni mwa 2019: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua, na malaria na maambukizi, yale yaliyohofiwa, nayo yakapungua. Watoto waliotupatia jibu hilo ni pamoja na watoto wa pwani hii. Mimi ningemwanzishia mwanangu dawa hiyo, na nakushauri umwanzishie wako.

Kuhusu kuzaa: kwa wanaume waliokomaa dawa inaweza kupunguza mbegu wakati wanaitumia, na hilo tutalizungumza akiwa kijana, kabla hajaoa. Selimundu yenyewe isipotibiwa inaweza pia kuharibu uzazi. Wewe mwenye mimba usivishike vidonge vilivyofunguka wala kuvunja kapsuli kwa mikono mitupu. Mwombe mwingine ampe, au vaa glavu.

Na ndiyo sababu wanamtoa damu kila mara. Dozi ikizidi, chembe nyeupe na sahani hushuka kupita kiasi, na hatuwezi kuliona hilo kwa macho, lazima tuhesabu. Najua jambo lililo nyuma ya swali lako, maana nimelelewa pwani na hadithi za mumiani tulisimuliwa sote. Hofu hiyo siidharau. Watu wetu wamewahi kuchukuliwa vitu vingi bila kuelezwa. Lakini hesabu pamoja nami. Mtoto wa kilo 20 ana damu kama lita moja na nusu. Kichupa cha kipimo huchukua mililita 2 hadi 5, yaani haizidi kijiko cha chai. Hiyo huingia kwenye mashine, ikahesabiwa, kisha huteketezwa na taka za maabara.

Matibabu na utafiti ni mambo mawili, na una haki ya kuuliza kila mara: "Hii ni ya matibabu au ya utafiti?" Kama ni ya utafiti, lazima uelezwe kwa lugha unayoielewa, damu itatumikaje, itahifadhiwa wapi, na uweke sahihi kwa hiari yako. Ukikataa, huduma ya mtoto haipungui hata kidogo. Ukikubali leo, kesho unaweza kujitoa. Mtu akikasirika kwa kuulizwa hivyo, uliza tena mbele ya mkubwa wake.

India. Mjomba wako ana nia njema, na ni kweli kupandikiza uboho kunaponya. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani waliandika habari za msichana aliyepandikizwa uboho kwa sababu ya saratani ya damu, na selimundu yake ikaondoka pia. Lakini uboho haupandwi kutoka kwa yeyote. Chembe nyeupe hutambua mwili kwa alama zilizo juu ya seli, na alama zisipolingana, uboho mgeni hugeuka na kuushambulia mwili uliouhifadhi, ngozi, ini, utumbo. Mtoaji bora ni ndugu wa baba na mama mmoja, na kila ndugu ana nafasi 1 kati ya 4 tu ya kulingana. Awe AS haidhuru, anaweza kutoa. Kwa hivyo kabla ya kuuza shamba au kuitisha harambee, mpimeni binti yako mdogo alama hizo hapa nchini. Asipolingana, mazungumzo ya India yanabadilika kabisa, kwa gharama na kwa hatari. Hata akilingana, mtoto kwanza hupewa dawa kali za kuuondoa uboho wake, na wapo wachache wasiorudi nyumbani. Ni uamuzi wa kuufikiria polepole na daktari wa damu, mtoto akiwa tayari anameza dawa yake.

Labda umesikia pia habari za kuhariri jeni. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ambayo huchukua seli shina za mgonjwa mwenyewe, zikakatwa mahali padogo panapoizima himoglobini ya kichanga, kisha akarudishiwa. Ni lile lile fumbo la miezi saba, limefumbuliwa. Bei yake Marekani ilipoanza ilikuwa dola milioni 2.2, na wakati huo iliruhusiwa kwa wenye miaka 12 na zaidi. Kwa sasa haitufai. Naitaja kwa sababu mwanao ana miaka sita, na nataka afike ishirini akiwa na figo nzima, ubongo mzima na bandama iliyosalia, ili siku tiba hizo zitakaposhuka bei awe na mwili wa kuzipokea.

Mumeo. Usimwendee na neno "kosa". Mwambie anahitajika kliniki kwa sababu ya mimba hii, si kwa sababu ya ile iliyopita. Mara nyingi nimeona baba aliyekataa kuitwa na mkewe akaja alipoitwa na daktari, au na mzee wa msikiti anayemheshimu. Na akipimwa, kiwe kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini. Kile cha bei nafuu kinachoonyesha tu kama S ipo au haipo hakitofautishi mbebaji na mgonjwa, na kikifanywa vibaya husema hakuna S mahali ilipo. Zimevunjika ndoa kwa karatasi ya namna hiyo. Pwani yetu ina pia jeni za thalasemia, ugonjwa mwingine wa kurithi wa himoglobini, na mtoto anaweza kupata S upande mmoja na thalasemia upande mwingine akaonekana kama SS. Likitokea jibu lisiloeleweka, msirudi nyumbani nalo, rudini maabara.

Dua na kombe endeleeni nazo, hazigombani na dawa. Kuchanja chale juu ya bandama nakataza: ni kumfungulia mlango wa bakteria mtoto asiye na mlinzi. Chuoni na shuleni waombe walimu wamruhusu kunywa maji na kwenda choo wakati wowote, kwa joto hili la Mombasa damu yake huwa nzito haraka. Ramadhani ikija, asishindane na wenzake kufunga. Akili ya mtoto hupenda sifa, nawe mkatalie kwa upole, mgonjwa ana ruhusa yake.

Na mimba hii: kliniki ya wajawazito waambie mapema kwamba una mtoto wa SS. Ukijifungua, omba mtoto apimwe himoglobini katika wiki zake za kwanza, kwa kipimo kinachotenganisha aina, maana kile cha bei nafuu kwa kichanga hudanganya. Akionekana SS, ataanza penisilini akiwa na miezi miwili au mitatu, kabla kidole chake hata kimoja hakijafura. Binti yako mdogo mpimeni wiki hii, hata kama hajawahi kuugua. Kliniki ya selimundu ukienda, beba kadi ya chanjo, karatasi zote za vipimo, na majina ya dawa alizowahi kupewa, na mumeo akikubali kuja, mwachie yeye ambebe mtoto.